Waa la Mtoto na Karatasi ya Maabara

 Nimeomba nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halikunijia kwa njia ya vitabu, bali lilibisha hodi mlangoni mwangu mwaka uliopita, likaingia bila ya kukaribishwa, likakaa nasi muda wa wiki tano. Nalo ni waa dogo lililoota shavuni mwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa miaka minne, pamoja na karatasi moja iliyotoka maabara, ambayo maneno yake yalitunyima usingizi sisi wazee wake, ilhali mtoto mwenyewe alikuwa akicheza kibemasa uani kama kwamba hapana lililotokea.

Lilikuwa ni kijinundu cha mviringo, chekundu kilichoingia weusi kidogo, mfano wa punje ya komamanga iliyoiva, laini, kinachong'aa kikipigwa na mwanga, na kadiri yake haikupita punje moja ya mbaazi. Kilichomoza bila ya sababu ijulikanayo, kikakua kwa muda wa miezi mitatu, kisha kikatulia. Bibi yake alidhani ni chunjua. Mama yake alidhani ni alama ya kuumwa na mdudu. Na jirani yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri kifungwe kwa unywele wa mkia wa farasi mpaka kikauke na kudondoka chenyewe. Namshukuru Mola kwamba hakikufungwa, na sababu ya shukurani yangu nitaieleza huko mbele, maana ni katika mambo ambayo wazazi wengi hawaelezwi.

Kwanza yafaa tufahamiane juu ya waa lenyewe ni kitu gani. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi iwe nyeupe, ina chembe maalumu zinazotengeneza rangi, nazo wataalamu huziita melanosaiti. Na ajabu ya Muumba ni kwamba idadi ya chembe hizo haitofautiani sana baina ya mtu mweusi na mtu mweupe, bali kinachotofautiana ni ukubwa na wingi wa punje za rangi ambazo chembe hizo huzitengeneza na kuwagawia jirani zao. Kwa desturi melanosaiti hukaa moja moja, zimejipanga safu katika kitako cha tabaka la juu la ngozi kama walinzi walioachiana nafasi. Lakini pengine hukusanyika vikundi vikundi, zikafanya viota, na viota hivyo ndivyo sisi tuvionavyo kwa macho tukaviita waa au baka. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa nalo, na wengine huyapata baadaye, tangu utotoni hata ujanani, kisha uzeeni mengi hufifia na kutoweka. Yale mabaka ya samawati tunayoyaona kiunoni na makalioni mwa watoto wetu wachanga, ambayo wageni wasioyajua hudhani ni alama za kipigo, si ya jamii hii. Hayo ni chembe za rangi zilizobaki ndani zaidi ya ngozi, na aghalabu huondoka yenyewe kwa jinsi mtoto anavyokua, wala hayahitaji kisu cha mtu.

Saratani itokayo katika chembe hizo za rangi huitwa melanoma, nayo kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 ni nadra mno: huko Marekani, ambako hesabu zake huwekwa kwa makini, ni mtoto mmoja hivi katika kila milioni kwa mwaka. Lakini unadra haumsaidii mzazi ambaye mtoto wake amekaa mbele ya daktari, na daktari naye anajua kwamba zile alama wanazofundishwa watu wazima, yaani waa lisilolingana pande zake, lenye ukingo wa kuchakaa, lenye rangi za mchanganyiko, na upana uliozidi milimita 6, zilitungwa na matabibu wa New York mwaka 1985 kwa ajili ya watu wazima, na kwa mtoto mdogo huweza kupotosha, kwa kuwa melanoma ya utotoni mara nyingi huja kwa umbo la kinundu cha rangi moja tu, chekundu au chenye rangi ya ngozi, kinachokua upesi na kutoka damu kikiguswa. Basi daktari wetu alipokiona kijinundu kile hakusema ni kizuri wala ni kibaya. Alisema kikatwe chote, kipelekwe kikatazamwe.

Hapa nitasimama kidogo, maana nilikuwapo, na yale niliyoyaona baadaye katika maabara ndiyo yaliyonifungua macho. Mtoto alipigwa sindano ya ganzi, akalia kidogo, akanyamaza, na baada ya muda mfupi kipande cha nyama kisichozidi punje ya dengu kilikuwa kikizama taratibu katika kichupa cha formalini, na daktari akiandika jina ubavuni mwa kichupa. Kipande hicho kikifika maabara hukaushwa maji yake kwa spiriti, kikazamishwa katika nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda huwa mfano wa kipande kidogo cha sabuni chenye kitu kilichofumbatwa ndani. Fundi wa maabara hukiweka kwenye mashine yenye kisu kikali, akakikata tabaka nyembamba zisizokadirika kwa macho, unene wake ni sehemu 4 au 5 tu katika sehemu 1,000 za milimita moja. Tabaka hizo huzielekeza juu ya maji ya vuguvugu, zikaelea kama utando wa maziwa, akazinasa moja moja kwa kipande cha kioo, kisha akazitia rangi mbili, moja ya zambarau itokanayo na moyo wa mti uotao Amerika ya Kati, na nyingine ya waridi. Mpaka hapo kazi ni ya mikono na ya mashine. Lakini kioo kile kinapowekwa chini ya hadubini, mashine hazina tena kauli. Aliyebaki ni mtu mmoja, mpatholojia, aliyekaa peke yake mbele ya picha ya zambarau na waridi, naye hana budi kusema kwa maneno kile akionacho.

Na hili ndilo neno langu la usiku wa leo. Sisi wazazi huipokea karatasi ya maabara kama tunavyopokea hukumu iliyokwisha pigwa muhuri, ilhali kwa hakika ni ushahidi, tena ushahidi wa shahidi mwadilifu ambaye hakumwona mtoto, hakujua kijinundu kilianza lini, na hana habari nyingine isipokuwa ile aliyoandikiwa katika fomu iliyofuatana na kichupa. Akiandikiwa kidogo, ataona kidogo.

Karatasi ya mjukuu wangu ilirudi siku ya kumi na mbili. Kwa tafsiri yangu ilisema kwamba pana uvimbe wa Spitz wenye sifa zisizo za kawaida, na kwamba saratani haiwezi kukanushwa. Mwanangu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini. Neno "saratani" lilikuwamo ndani ya sentensi, na sisi hatukuona kingine. Hatukuona kwamba aliyeandika hakusema kuwa ipo, bali alisema kwamba hakuweza kuapa kuwa haipo, na baina ya kauli mbili hizo pana masafa marefu kuliko ya kutoka Lamu hadi Kilwa.

Jina hilo la Spitz lina kisa chake, nacho kinatuhusu. Mwaka 1948 mpatholojia mwanamke, Sophie Spitz, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Memorial mjini New York, alitoa makala juu ya melanoma za utotoni. Aliwakusanya watoto 13 ambao mawaa yao, kwa mujibu wa hadubini, yalifanana na ile saratani inayowaua watu wazima. Chembe zake zilikuwa kubwa kubwa, nyingine ndefu zilizochongoka ncha mbili, nyingine za mviringo, zenye viini vinavyotisha. Walakini alipofuatilia habari za watoto wenyewe, alikuta 12 miongoni mwao wangali wazima, na aliyekufa kwa maradhi hayo alikuwa mmoja tu. Mtu mwingine angaliweza kusema kwamba ni bahati njema, akafunga daftari. Yeye alishika kwamba kioo kinasema jambo na maisha ya mtoto yanasema jingine, na kwamba tabibu mwaminifu hana ruhusa ya kulisikiliza moja akaliacha la pili. Alifariki mwaka 1956, akiwa bado katika umri wa miaka ya arobaini, na baadaye, ilipothibitika kwamba aghalabu ya mawaa ya namna ile hayana dhara, yakaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mama anayesoma jina hilo katika karatasi ya mwanawe na aelewe kwamba anasoma jina la mtu aliyewatetea watoto mbele ya hadubini.

Nirudi kwetu. Wiki moja baada ya karatasi ile, rafiki yangu mmoja aliyepata kufanya kazi ya maabara aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yake: fomu iliyofuatana na kichupa iliandikwaje? Tukaomba nakala yake katika kituo kilichomkata mtoto. Mahali pa umri palikuwa patupu. Palipotakiwa maelezo paliandikwa maneno matatu tu: uvimbe wa ngozi. Haikuandikwa kwamba ni shavuni, haikuandikwa kwamba ni mtoto, haikuandikwa kwamba kijinundu kilikua kwa miezi mitatu kikakoma. Simlaumu kwa chuki aliyeijaza, maana najua foleni iliyokuwa nje ya mlango wake siku ile. Lakini nasema kwa uchungu kwamba upungufu ule wa wino ulitugharimu usiku mwingi. Mpatholojia aliyekitazama kioo alikuwa na haki ya kudhani kwamba ni cha mtu wa miaka 40, na kwa mtu wa miaka 40 picha ile ile ingelikuwa na maana nzito.

Vioo viliazimwa, vikapelekwa kwa mpatholojia wa pili, bingwa wa ngozi, pamoja na barua yenye umri, mahali, na historia yote. Vioo havikubadilika hata chembe. Alichofanya yeye ni kuangalia tena akijua analolitafuta: kwamba pande mbili za kijinundu zinalingana, kwamba chembe zikishuka chini zinapungua ukubwa, kama watu wanaotulia baada ya ghasia, kwamba zilizokuwa zikigawanyika ni chache, na zote ziko juu juu, na kwamba pana vijidonge vya waridi ambavyo hupatikana sana katika mawaa ya Spitz. Akaandika kwamba ni waa la Spitz, akaongeza kwamba katika upande mmoja limegusa ukingo wa kipande, na kwa hiyo akashauri pakatwe kidogo tena pale palipobaki.

Msifahamu kutoka kwangu kwamba umri mdogo husafisha kila kitu. La hasha. Kuna mawaa yaliyoko katikati ya njia, ambayo hata mabingwa watatu wakiyatazama siku moja huenda wakatoa kauli tatu, na kwa hayo neno "yasiyo ya kawaida" ni kukiri kwa kweli kwamba elimu imefika mpaka wake. Zamani watoto wenye mawaa hayo walikatwa hata tezi za shingo au za kwapa, zikakutwa na chembe za waa ndani yake, na wazazi wakaambiwa habari mbaya. Kisha miaka ikapita na wengi mno wa watoto hao wakaendelea kuishi, mpaka madaktari wakajifunza kuizuia mikono yao. Tangu mwaka 2014 imejulikana pia kwamba mengi ya mawaa ya Spitz hutokana na jeni mbili zilizovunjika na kuungana mahali pasipo pake, na uchunguzi wa jeni hizo, mahali upatikanapo, husaidia kupambanua lenye shari na lisilo na shari. Kwetu haupatikani kila mahali, lakini kipande cha nta huweza kuhifadhiwa miaka mingi na kusafirishwa.

Sasa nitimize ahadi yangu juu ya unywele wa farasi. Waa likifungwa uzi, au likichomwa kwa dawa kali, au likikwanguliwa juu juu tu, huacha mizizi yake katika ngozi. Mizizi ile huchipua ndani ya kovu, na chembe zinazochipua kovuni hujipanga ovyo, zikawa na sura ya melanoma hata kwa mtu mzoefu, mpaka wataalamu wamezipa jina la melanoma ya uongo. Mpatholojia akiambiwa kwamba palipata kuchezewa hapo, hatadanganyika. Basi kama bibi au shangazi aliwahi kuweka dawa, na aseme bila ya aibu, na daktari ayapokee maneno yake bila ya kumkemea, maana akimkemea leo, kesho kina bibi wote wa mtaa watanyamaza. Hali kadhalika mahali lilipo waa: la kichwani katika nywele, la sikioni, la sehemu za siri, la unyayoni, yote hayo yana desturi ya kuonekana vibaya chini ya hadubini pasipo kuwa mabaya. Na waa la kuzaliwa, likikatwa mtoto akiwa bado na majuma machache duniani, huweza kuwa na chembe zilizopanda juu kama za saratani, kwa sababu ngozi ile ingali ikijijenga.

Neno jingine linalowatisha wazazi ni lile la Kigiriki la "displasia". Lilitokana na kazi ya Wallace Clark na wenzake huko Marekani, ambao mwaka 1978 waliandika habari za familia zilizokuwa na mawaa mengi ya ajabu pamoja na melanoma; kisha neno likaenea kupita mipaka yake, likabandikwa kwenye mawaa ya watu wasiokuwa na ugonjwa wowote katika ukoo, hata mwaka 1992 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za nchi hiyo ukashauri liachwe, iandikwe tu kwamba mpangilio wa chembe umevurugika. Halijaachwa mpaka leo. Mawaa ya namna hiyo huanza kujitokeza mtoto akikaribia kubaleghe. Kwa hiyo neno hilo likiandikwa kwa mtoto wa miaka mitano, swali la kwanza la mzazi na liwe: waa lilikuwa wapi mwilini, na aliyetazama aliambiwa?

Na kwa kuwa nimetaja mahali lilipo waa, nakumbuka kwamba mwaka 1967 tabibu Lewis alichapisha uchunguzi wake juu ya nyayo za watu wa Uganda, kwa kuwa huku kwetu Afrika melanoma, ikija, hupenda unyayo wa mtu mzima kuliko mgongo uliopigwa na jua. Kwa hiyo wazazi wenye ngozi nyeusi wanapoosha miguu ya watoto wao wazitazame na nyayo, si kwa hofu, bali ili waa likibadilika awepo aliyelijua tangu mwanzo. Watoto wenye ualbino wana habari yao pekee, maana mawaa yao huweza kukosa rangi, na adui yao mkubwa ni jua lenyewe. Kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC, kimefanya kazi ya kusifiwa kwa ajili yao, nami ningependa kuwapa jioni yao nzima.

Nikamilishe na ukingo, maana watu huuliza: karatasi ikisema ukingo ni safi, je, limeondoka lote? Maana yake ni kwamba katika zile tabaka zilizokatwa na kutazamwa, waa halikufika pembeni. Nazo tabaka hizo ni chache, kama mtu aliyekata mkate silesi nne akatazama uso wa kila silesi tu. Kwa hiyo daktari anayemrudisha mtoto kila baada ya miezi sita hali ya kuwa karatasi ni safi, hamfichi mzazi kitu. Anajua tu kadiri ya kile kilichoonekana.

Mjukuu wangu alikatwa mara ya pili mwezi wa Novemba. Hapakukutwa kitu ila kovu. Shavuni ana mstari mfupi, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, ambao yeye humwonyesha kila mgeni anayekuja nyumbani, na mgeni akimwuliza ni wa nini, hujibu kwamba hapo palikuwa na komamanga. Tarehe ya kurudi kwa daktari ni mwezi ujao; mama yake amekwisha iandika katika kadi ya kliniki, chini ya chanjo ya surua, na pembeni yake, kwa wino mwekundu, ameandika namba ya kipande cha nta.